Fedha za Wosia na Sauti za Upare

Chuo cha muziki huanza na mshahara wa mwalimu. Jengo huja baadaye, ala huja baadaye, na vipaji vipo siku zote, viwe vimefundishwa au havijafundishwa. Naliweka jambo hili mwanzoni mwa sura kwa sababu msomaji wa Same au Mwanga, huku Upare, aliyekulia katikati ya kwaya, anaweza kudhani kwamba Wazungu walipata vyuo vyao vya muziki kwa kuwa waliupenda muziki kuliko sisi. Historia haisemi hivyo. Tutaifuata kupitia chuo kimoja, cha Leipzig, maana mji huo ndiko walikotoka watu walioleta nyimbo za Kilutheri katika milima yetu.

Leipzig ilikuwa mji wa biashara katika ufalme wa Saxony, ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Mwaka 1839 alifariki huko mwanasheria aliyeitwa Heinrich Blümner, mtu wa mahakama na mpenzi wa sanaa. Katika wosia wake alimwachia mfalme taler 20,000 ili zitumike kwa taasisi ya sanaa au ya elimu. Hakutaja kwamba lazima iwe ya muziki. Fedha hizo zingeweza kuishia kwenye sanamu, maktaba au mnara. Lakini mjini alikuwapo Felix Mendelssohn Bartholdy, mtunzi mashuhuri ambaye tangu 1835 alikuwa akiongoza okestra ya Gewandhaus. Mwaka 1840 aliandika barua serikalini akiomba fedha za Blümner zianzishe shule ya muziki. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayeijua kazi yake: vijana wenye uwezo walikuwa wengi, lakini hawakuwa na mahali pa kufundishwa kwa mpango, kwa miaka ya kutosha, na walimu ambao hiyo ndiyo kazi yao.

Mfalme alikubali, na tarehe 2 Aprili 1843 masomo yakaanza katika jengo dogo uani kwa Gewandhaus. Ujerumani haikuwa imewahi kuwa na chuo cha juu cha muziki cha namna hiyo. Msomaji azingatie fedha za wosia zilikwenda wapi. Hazikujenga kasri. Jumba kubwa la chuo, lile lililochorwa na msanifu Hugo Licht na ambalo bado linatumika, lilifunguliwa mwaka 1887, yaani miaka 44 baadaye. Kwa miaka hiyo yote chuo kiliishi uani, na jina lake likafika Norwei, Uingereza na Marekani kwa sababu ya waliokuwa wakifundisha humo. Mendelssohn mwenyewe alifundisha. Robert Schumann alifundisha piano na utunzi kwa muda mfupi, kabla ya kuhamia Dresden mwaka 1844. Moritz Hauptmann alifundisha hamoni, na wakati huohuo alikuwa kiongozi wa muziki katika Kanisa la Mtakatifu Thomas, kiti alichokalia Johann Sebastian Bach tangu 1723 hadi kifo chake mwaka 1750. Ferdinand David alifundisha fidla asubuhi, na jioni alikaa kiti cha kwanza cha fidla katika okestra. Mwanafunzi aliyemwona mwalimu wake darasani alimwona tena jukwaani, akafahamu kwamba anachofundishwa ni kazi hai.

Leipzig haikuwa ya kwanza Ulaya. Tangu karne ya 16, huko Naples, nyumba za kulelea yatima zilifundisha watoto kuimba na kupiga ala ili wapate riziki makanisani, na huko Venice Antonio Vivaldi alianza mwaka 1703 kufundisha fidla katika nyumba ya wasichana wasio na wazazi. Chuo cha Paris kilianzishwa mwaka 1795, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na kilikua kutoka shule ya wapiga tarumbeta na filimbi wa jeshi la walinzi wa mji, kwa kuwa mapinduzi yalihitaji muziki unaosikika uwanjani. Tuikumbuke hiyo asili ya yatima na ya wanajeshi. Anayesema muziki wa Ulaya ulizaliwa katika kumbi za matajiri hajafika huko nyuma.

Wakati Mendelssohn anafungua darasa lake, milima ya Upare ilikuwa na elimu yake ya muziki, yenye walimu, majira na masharti. Vijana waliingia mshitu, msitu wa jando, wakafundishwa huko mila za watu wazima, na sehemu kubwa ya mafundisho hayo ilibebwa na nyimbo. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, alionyesha jinsi watawala wa Wasuya huko Ugweno, hasa Mranga, walivyoligeuza jando kuwa taasisi ya dola iliyounganisha koo zilizokuwa mbalimbali. Wimbo uliofundishwa humo ulikuwa na uzito wa sheria. Haukuandikwa, na haukuimbwa mbele ya asiyehusika.

Tofauti ya mifumo hii miwili haikuwa katika ubora wa muziki. Ilikuwa katika namna ya kuutunza. Watu wa Upare wanaijua ndiva: bwawa la udongo ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu kwenye mfereji na kufika mashamba ambayo kijito chenyewe kisingeyafikia. Leipzig ilifanya hivyo kwa muziki. Ujuzi uliokuwa ukitiririka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, au kwa fundi kwenda kwa mwanagenzi, ulikusanywa mahali pamoja, ukapangiwa miaka mitatu ya nadharia, ukafunguliwa kwa yeyote aliyefaulu mtihani wa kuingia, mzawa au mgeni, mvulana au msichana. Wasichana walipokelewa, ingawa wanawake waliotaka kuwa watunzi, kama Mwingereza Ethel Smyth aliyefika mwaka 1877, walipigana vita vyao wenyewe.

Chama cha misheni ambacho kingekuja kufanya kazi Upare kilianzishwa Dresden mwaka 1836, kikahamia Leipzig mwaka 1848. Mwaka huohuo mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani, aliiona theluji ya Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1900 wakafungua kituo Shigatini, Upare Kaskazini. Kusini walifika Mbaga, ambako Jakob Dannholz aliishi na kuandika juu ya imani za Wasu, yaani Wapare. Kitabu chake kilichapishwa Leipzig mwaka 1916. Waadventista wa Sabato, nao kutoka Ujerumani, walianza Giti mwaka 1903, na kutoka huko wakaenea nchi nzima. Milima midogo kama hii ilipokea mito miwili ya uimbaji wa Kiprotestanti kwa muda wa miaka mitatu.

Watu hawa walitumwa kuhubiri, hawakutumwa kufungua chuo cha muziki. Lakini walitoka katika mji ambamo Mkristo wa kawaida alisikia nyimbo za Bach kanisani, na ambao Mendelssohn, aliyeifufua Mateso ya Mathayo ya Bach huko Berlin mwaka 1829, alikuwa amezirudisha katika fahari yake. Walikuja na nyimbo za sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Kwa sikio la Mpare hili halikuwa geni kabisa, kwa maana kuimba kwa kuitikiana, mmoja akianzisha na wengi wakipokea, kulikuwako. Kilichokuwa kipya ni sauti nne zinazotembea pamoja, kila moja na njia yake, zikikutana mwisho wa mstari.

Hapo ndipo palipo na jambo ambalo vitabu vingi vya historia ya kanisa hulipita haraka, nami nataka tukae nalo. Chasu, lugha ya Wapare, ni lugha ya toni. Silabi hupanda na kushuka, na kupanda huko ni sehemu ya maana, si pambo. Sasa chukua wimbo wa Kijerumani uliotungwa karne ya 16, ambao noti zake hupanda mahali maneno ya Kijerumani yanapopata mkazo, kisha upachike humo maneno ya Chasu. Mstari wa kwanza huenda ukakaa vizuri kwa bahati. Wa pili una tuni ileile lakini maneno mengine, na toni zake zinadai njia nyingine. Sauti inapanda ambapo lugha inataka ishuke. Mwimbaji anaelewa kwa kuwa ameshakariri, lakini mgeni wa wimbo husikia maneno yaliyopindwa. Kiswahili hakina toni, ila kina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na nyimbo zilizotafsiriwa kwa haraka huupuuza mkazo huo mara kwa mara. Kila mtu aliyeimba kanisani anazijua sehemu ambazo neno huvutwa mkia wake usiostahili kuvutwa. Haya si makosa ya imani. Ni makosa ya ufundi, na ufundi hufundishwa.

Leipzig yenyewe ilikwisha kukutana na swali hili, kwa njia ya wanafunzi wake waliotoka mbali. Edvard Grieg alitoka Norwei mwaka 1858 akiwa na miaka 15, akamaliza 1862, na maisha yake yote aliyasema vibaya mafundisho makavu aliyopewa. Aliporudi kwao alizigeukia ngoma za wakulima wa Norwei, na ndizo zilizompa jina. Leoš Janáček alifika kutoka Moravia mwaka 1879, akaondoka baada ya miezi michache bila kuridhika. Baadaye alizunguka vijijini kwao akikusanya nyimbo, kisha akaanza kuandika kwa nota jinsi watu wa kawaida walivyopandisha na kushusha sauti wanapozungumza: muuzaji sokoni, mtoto anayelia, mzee anayeaga. Kutokana na daftari hizo akajenga opera ambazo muziki wake unafuata mwendo wa lugha ya Kicheki. Mwanamuziki wa Upare akinitaka ushauri nimtajie mwalimu mmoja tu wa Ulaya wa kumsoma, nitamtaja Janáček, maana swali lake ndilo la Chasu.

Yupo na wa tatu, Frederick Delius, Mwingereza ambaye kabla ya kufika Leipzig mwaka 1886 alikuwa amepelekwa Florida kusimamia shamba la machungwa. Huko alisikia wafanyakazi weusi wakiimba jioni kwa sauti zinazojipanga zenyewe, na alikiri kwamba hapo ndipo muziki ulipomshika. Mwaka 1887, akiwa mwanafunzi Leipzig, alitunga kazi ya okestra juu ya Florida. Kwa hiyo miaka michache kabla misheni ya Leipzig haijaleta nyimbo Afrika Mashariki, sauti za wajukuu wa Waafrika zilikuwa zimeingia Leipzig katika masikio ya kijana huyu. Hazikuingia na majina ya walioziimba.

Turudi milimani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani, na mwaka 1920 wa mwisho wao waliondoka. Walutheri wa Marekani wa sinodi ya Augustana walisaidia, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, kisha wakakamatwa tena Vita ya Pili ilipoanza. Mara mbili katika kizazi kimoja makanisa yalibaki mikononi mwa walimu na wazee wa Kiafrika. Kwa historia ya muziki hicho ni kipindi kikubwa kuliko kufika kwa meli yoyote. Mwalimu wa shule ya misheni, ambaye asubuhi alifundisha kusoma na kuhesabu, ndiye aliyefundisha uimbaji jioni. Alifundisha sauti moja hadi ikakaa, kisha ya pili, kisha akaziunganisha. Cheo cha mwalimu wa kwaya kilipata sura yake kwa namna hiyo, na hakijabadilika sana: mtu mmoja mwenye sikio, anayejua solfa, au hata asiyeijua, anayebeba sauti nne kichwani na kuzigawa kwa watu waliotoka shambani.

Sambamba na kwaya kuna tarumbeta, ambazo katika sharika za Kilutheri za kaskazini mwa Tanzania zimekuwa sauti ya sikukuu na ya mazishi. Vikundi vya namna hii vilienea Ujerumani katika karne ya 19, na aliyevipa nguvu kuliko wote ni mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, mjini Bielefeld. Kuhlo alifanya uamuzi mmoja wa kiufundi uliowafaa watu wa vijijini. Wapiga tarumbeta wa jeshi husoma nota zilizohamishwa, kila ala na ufunguo wake, hata mpigaji na mwimbaji hawawezi kutumia kitabu kimoja. Kuhlo aliwafundisha wapigaji wake kusoma nota kama zinavyosikika, kutoka kitabu kilekile cha kwaya. Kwa hiyo fundi seremala au mkulima angeweza kukifungua kitabu cha tenzi, akapiga besi huku jirani yake akiiimba. Misheni iliyofanya kazi Usambara, ng'ambo ya bonde kutoka kwetu, ilihamishia makao yake Bethel hiyohiyo mwaka 1906. Tarumbeta kanisani zimetokana na shule hiyo ya watu wasio na shule, na mimi nauthamini uamuzi huu wa Kuhlo kuliko tuzo nyingi za majumba ya muziki.

Chuo cha Leipzig hakikubaki na mkono safi. Mendelssohn alizaliwa katika familia ya Kiyahudi na kubatizwa Mprotestanti utotoni. Alifariki mwaka 1847, na mji ukamsimamishia sanamu mbele ya Gewandhaus. Mwezi Novemba 1936, meya Carl Goerdeler akiwa safarini, Wanazi waliibomoa. Goerdeler alijiuzulu, na mwaka 1945 aliuawa kwa kushiriki njama dhidi ya Hitler. Muziki wa Mendelssohn ulipigwa marufuku katika mji aliouanzishia chuo. Baada ya vita jina lake lilirudishwa, na tangu 1992 chuo hicho, kilichounganishwa na shule ya tamthilia, ni chuo kikuu cha muziki na tamthilia chenye jina lake. Nakala ya sanamu ilisimamishwa tena mwaka 2008. Taasisi inaweza kumsahau hata aliyeiombea fedha zake za kwanza.

Afrika Mashariki nayo imejenga vyuo vyake, kila kimoja kwa njia yake. Nairobi ilipata chuo cha muziki mwaka 1944, kilichoanza kwa ajili ya walowezi na mitihani ya Uingereza. Tanzania huru ilifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, na humo ngoma, zeze na marimba vilipewa darasa na mwalimu anayelipwa. Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, alikuwa miongoni mwa waliofundisha Bagamoyo. Zanzibar ilipata Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mwaka 2002, katika Jumba la Forodha la zamani la Mji Mkongwe, ambako udi, kanuni na fidla ya taarabu vilifundishwa kwa nota na kwa sikio. Upande wa kanisa, Ruhija huko Kagera kulikuwa na mafunzo ya muziki, na Makumira, njiani kati ya Moshi na Arusha, ndiko Howard Olson alikokusanya na kuchapisha nyimbo zenye tuni za Kitanzania katika miaka ya 1960. Wimbo wa Pasaka wa mchungaji Bernard Kyamanywa, wenye tuni ya Kihaya, ulitoka katika vuguvugu hilo na sasa huimbwa katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Makumira leo hutoa shahada ya muziki.

Kijana wa Same anayetaka kusoma muziki, basi, anaweza kupanda basi kwenda Makumira au Bagamoyo. Wachache hufanya hivyo, kwa sababu ya ada, na kwa sababu wazazi huuliza atakula nini akimaliza. Swali la wazazi ni la haki. Kwaya za Upare zimejaa, hurekodi, husafiri, hushindana, na karibu zote zinategemea mwalimu ambaye hulipwa shukrani. Akihamia Dar es Salaam kutafuta kazi, kwaya hurudi nyuma. Kujenga ukumbi wa ibada tunakuchangia kwa miaka bila kuchoka. Mshahara wa mwalimu wa muziki hauna kadi ya mchango. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba fedha za wosia mmoja, zikiwekwa mahali sahihi, zilitosha kuanzisha chuo uani.

Same ina kila kitu kingine. Makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya Kilutheri yapo mjini, barabara kuu inapita, kumbi zipo na hukaa tupu siku za kazi. Mwalimu mmoja aliyesomea muziki, akilipwa na sharika kadhaa kwa pamoja, angeweza kuwa na darasa la solfa na nota kwa walimu wa kwaya wanaoshuka kutoka Vudee, Mbaga, Chome na Suji. Mwaka wa kwanza wangeandika nyimbo za kazi na za harusi za Chasu pamoja na toni zake, kabla waliozijua hawajaondoka. Zile za mshitu zibaki kwa wenyewe, isipokuwa wazee wakiridhia. Mwaka wa pili wangejifunza kuzitungia sauti ya pili na ya tatu bila kuyapinda maneno, kazi ngumu ambayo hata Leipzig haikumfundisha Janáček. Siku ya mazoezi ya pamoja ingepaswa kuwa katikati ya wiki, Jumatano kwa mfano, kwa kuwa Waadventista wa Suji wanaitunza Jumamosi na Walutheri wa Vudee Jumapili.